Jina Lililopita Tundu la Msumari

Silantoi alinipigia simu asubuhi, nikiwa dukani kwangu Kitengela napanga vitabu vya watoto wanaofungua shule. Nilimfundisha darasa la sita. Sasa ni muuguzi mjini Kajiado na ana watoto wake. Aliuliza hali yangu, akauliza hali ya duka, akauliza kama mvua imefika kwetu, na nilipoona salamu zimekuwa ndefu nikajua kuna jambo. "Teacher," akasema, "yule wa upande ule mwingine ametuacha." Hakumtaja jina, na sikuhitaji kutajiwa, kwa sababu katika maisha yangu ya ualimu palikuwa na upande mmoja tu mwingine. Silantoi ana elimu yake na huimba kwaya kanisani, lakini kwao jina la mtu aliyefariki halitajwi ovyo, na adabu hiyo hajaiacha. Nilimpa pole. Niliuliza siku ya mazishi. Ningependa kuandika kwamba kilichonijaa kifuani wakati huo kilikuwa huzuni. Huzuni ilikuja, ila ilikuja ya pili. Kwanza lilikuja swali: kwa nini Silantoi alijua kabla yangu? Alikuwa mwanafunzi wangu, wa Sita A. Tangu lini alikuwa na namba ya simu ya mwalimu wa Sita B?

Nimeishi na wivu huo kwa miaka mingi kiasi kwamba naweza kuueleza kwa utaratibu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ya kufika kwake. Ulianzia katika shule ya binafsi, ya mabati, ng'ambo ya barabara ya Namanga, mahali ambapo leo pana nyumba za ghorofa za kupangisha. Kitengela ilikuwa ndiyo inakatwa viwanja. Ukifunga shule mwezi wa nne ukarudi mwezi wa tano, unakuta nyaya mpya mahali ulipokuwa ukipita, na punda milia wamesimama mbele ya nyaya hizo wakizitazama kama watu waliofika ofisini wakakuta imefungwa. Wanafunzi wetu walikuwa watoto wa watu waliokuja kutafuta kazi, wengi wao kutoka Ukambani kama mimi na wengine kutoka magharibi, pamoja na watoto wa Kimaasai ambao wazazi wao walikuwa wamekaa pale kabla yetu sote. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na sikuwa na cheti cha ualimu. Walimu wa namna yangu tulikuwa wengi katika shule za mabati. Hakuna aliyetudharau waziwazi, lakini mzazi akitaka kuongea jambo zito alipita mlangoni pangu akaenda kumtafuta mwalimu aliyesomea.

Yote niliyoyajua kupita kidato cha nne niliyapata kwa kusoma peke yangu, na kitabu kilichouanzisha wivu huo nilikipata hivyo hivyo, sokoni, kwa muuzaji wa viatu vya mitumba aliyekuwa ameweka vitabu vichache pembeni ya turubai lake. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha watoto, kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo hakikuwa na jina wala mwandishi, na kilianza katikati ya sentensi. Nilikisoma chumbani kwangu Jumamosi yote, nimeketi kitandani, kamusi juu ya mto, chai ikipoa juu ya jiko la mafuta. Kilihusu mji wa siku zijazo uliozungushiwa ukuta mrefu baada ya ukame mkubwa. Ndani ya ukuta kulikuwa na ofisi iliyogawa maji, na ofisi hiyo ilikuwa na sheria. Mtu akikosea aliondolewa mjini, na akishaondolewa jina lake lilikatazwa. Nyumba iliyolitamka jina hilo ilinyimwa maji. Msichana mmoja, ambaye kaka yake alikuwa ameondolewa, alikuwa akienda ukutani kila alfajiri na kulitamka jina la kaka yake polepole, asisikike. Jumatatu nilikivika karatasi ya kaki, nikashona mgongo wake kwa uzi mweusi, nikakipeleka darasani.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wameshiba githeri na macho yanawalegea, nilisoma ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kisha nikaueleza kwa Kiswahili, kisha nikauliza maswali ambayo nilikuwa nimeyatayarisha. Siku ya kwanza nilifika kwenye ile ofisi ya maji. Nilieleza kwa makini kwamba kila nyumba ilipewa mtungi mmoja kila asubuhi, na nilitegemea watoto waogope.

"Teacher, hiyo maji ni ya bure?" aliuliza Mutua, ambaye mama yake alinunua maji ya mkokoteni wa punda na kugombana na mwenye punda karibu kila wiki.

"Ni ya ofisi. Hawalipi."

"Kila asubuhi? Haikosi?"

"Haikosi. Lakini ukivunja sheria hupewi."

Mutua aliwageukia wenzake. "Sasa hawa shida yao iko wapi?"

Darasa likaangua kicheko. "Teacher, huo mji uko upande gani? Tuhamie!" mwingine akapaza sauti kutoka nyuma. Silantoi, aliyekuwa mtoto mwembamba mwenye tabia ya kuuliza swali akiwa tayari amesimama, akasema, "Na ng'ombe wanapewa mitungi mingapi?" Nilitazama kitabu. Kitabu hakikuwa na ng'ombe. Nilimwambia hivyo. Akaketi taratibu. "Mji hauna hata ng'ombe," akasema. "Sasa hiyo ndiyo jela."

Mimi nilikuwa nimetayarisha maelezo juu ya hofu na juu ya watu kunyang'anywa uhuru wao. Nilingoja kicheko kiishe, nikayatoa maelezo hayo kama nilivyoyapanga. Sasa, nikiwa na umri huu, naona kwamba Mutua na Silantoi walikuwa wamenifungulia mlango mpana kabisa, nami nikaufunga ili nirudi kwenye maswali yangu. Lakini wakati huo sikuona mlango wowote. Niliona watoto wanaocheka.

Kati ya Sita A na Sita B palikuwa na ukuta wa mabati yaliyokwisha kutumika mahali pengine, yenye matundu ya misumari ya zamani kila baada ya shubiri. Jua la mchana lilipita kwenye matundu hayo likachora vidoa sakafuni. Sauti ilipita pia. Walimu tulizoea kupandishiana sauti, huyu na mito ya Afrika, yule na hesabu za sehemu, na watoto walijifunza kusikia upande wao tu. Sita B ilikuwa ya Mwalimu Nasieku. Alikuwa rika langu, kwao ni Kisaju, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na alikuwa pale akingoja kuajiriwa na serikali. Nilipoanza kusoma kile kitabu, kwa siku mbili tatu kelele za upande wake ziliendelea kama kawaida. Halafu mchana mmoja nikasikia zimekatika. Nilisoma mstari, nikatua, nikasikia darasa zima la upande wa pili limetua pamoja nami. Sijui kama nimewahi kupata furaha kama ile. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti, na madarasa mawili yalikuwa yamenyamaza kwa ajili ya sauti yangu.

Nasieku alikuwa akija na chupa ya maziwa kutoka kwao, na wakati wa chai alitumiminia sote katika chumba cha walimu bila kuuliza. "Madam Syombua," akaniambia siku hiyo, akinijazia kikombe, "leo uliachia mahali pabaya. Watoto wangu wamekataa hesabu. Wananiuliza kama yule kaka atarudi."

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia mimi sijui, waulize mwenye kitabu."

Mwenye kitabu. Nililipenda neno hilo, nikalibeba hadi nyumbani. Maziwa yake yalikuwa mazito, yenye harufu kidogo ya moshi, na niliyanywa kama haki yangu. Nilingoja siku atakayoniomba nimwazime kitabu. Nilikuwa nimekwisha kupanga jibu: ningesema ndiyo, lakini arudishe Ijumaa. Hakuniomba kamwe.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, Mwalimu Mkuu, mzee wa kutoka Bungoma aliyependa kutangaza mambo akiwa amesimama na kikombe mkononi, alitueleza kwamba mwaka unaofuata Sita A na Sita B zingeunganishwa kuwa darasa moja la saba, maana watoto wengi walikuwa wakihamia shule za bweni. Mwalimu mmoja angepanda nao, akae nao darasa la saba na la nane hadi mtihani. Mwingine angerudi chini kuanza na wadogo. "Nitaangalia kazi," akasema, "sitaangalia sura." Tulicheka. Mimi nilicheka nikiwa nimeshika meza. Niliwataka watoto wale. Niliwataka wote, pamoja na wale wa upande wa pili walionyamaza niliposoma, na nilijua kwamba nikipanda nao hadi mtihani hakuna mzazi ambaye angepita mlangoni pangu tena.

Wiki chache baadaye nilifika kwenye sura ya majina, ambapo msichana anakamatwa akilitamka jina la kaka yake. Nilikuwa nimeisoma mara tatu chumbani. Nilieleza ile sheria vizuri, nikauliza swali langu la kwanza: ubaya wa sheria hii ni nini? Silantoi akasimama.

"Teacher, mimi sioni ubaya. Hiyo ni heshima tu."

"Heshima gani?" akadakia Mutua.

"Mtu akienda, hamwiti-witi. Unamwacha apumzike. Hata mama yangu akisikia hilo jina anaumia. Sasa utakuwa unamuumiza kila siku?"

"Haki ya nani! Mimi ni jina la babu yangu, na alikufa sijazaliwa. Tukinyamaza, mimi niitwe nani? Niitwe 'wewe'?"

"Babako haumii akikuita?"

"Aumie na nini? Anafurahi. Ananiita 'baba'. Juzi nimevunja sahani, mama ameinua mwiko, baba anamwambia, 'Wee, unataka kumchapa babangu?'"

Darasa lilicheka, likagawanyika. Watoto wa Kikamba walikuwa wanapiga madawati wakitaja babu na nyanya waliopewa majina yao. Watoto wa Kimaasai walitikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba wenzao hawakulelewa. Mwandishi wa kile kitabu, nani sijui, wa wapi sijui, alikuwa ametunga sheria ya kutisha, na nusu ya darasa langu ilikuwa imeipokea kama tabia njema. Nilipiga meza. "Mwandishi anataka tuone kwamba sheria hii ni mbaya," nikasema, na nikaendelea kusoma.

Kwa upande wa pili nikasikia chaki inawekwa chini. Sauti ya Nasieku haikuwa kubwa. "Mmewasikia wenzenu?" akauliza. "Wanagombana. Nani yuko sawa?" Zikaanza sauti, akaziacha zipande, kisha akauliza tena, polepole kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Na kama jina lako ndilo limekatazwa, ungempa nani akutunzie?"

Sita B ililipuka. Nilikuwa katikati ya aya. Niliinua macho nikaona vichwa vya darasa langu vimegeuka, vyote, kuelekea ukutani. Mutua alikuwa ameweka sikio kwenye bati. Niliisoma ile aya hadi mwisho, nikasoma na iliyofuata, na hakuna aliyenisikia.

Kuanzia siku hiyo sauti ilianza kupita kinyume. Mimi ndiye niliyesoma, lakini kitabu kilikuwa kinaendelea upande wa pili. Watoto wangu walianza kugombea madawati ya ukutani, ambayo zamani waliyakimbia kwa sababu ya joto. Nilipandisha sauti; haikusaidia. Niliishusha, nikidhani watainama kunisikiliza. Waliinama, lakini kwenye matundu. Wakati wa chai Nasieku aliendelea kunimiminia maziwa na kuniuliza sura inayofuata ni ndefu kiasi gani, na kila swali lake lilikuwa la kweli na la heshima, jambo ambalo lilinichosha kuliko kama angenisema. Nilimchunguza. Nilitazama jinsi alivyosimama, jinsi alivyomngoja mtoto anayekwama bila kummalizia sentensi. Chumbani nilijaribu kungoja hivyo hivyo mbele ya ukuta. Nilikuwa na uwezo wa kujifunza chochote kilichoandikwa, lakini hili halikuwa limeandikwa popote.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa mwisho wa safu ile ile, na bati lake halikuwa bora kuliko letu. Siku moja nilienda kuchukua chaki nikamsikia akiongea na naibu wake, vijiko vikigonga vikombe.

"Syombua ni mtu wa kazi," alisema. "Hajawahi kosa siku hata moja. Na kusoma, anasoma vizuri kabisa."

"Basi mpe."

"Lakini huyu msichana wa Kisaju anawafanya waongee. Jana nimesimama hapo nje, nimesahau hata nilikuwa naenda wapi."

"Kitabu si ni ya Syombua?"

"Ni ya Syombua, ndiyo. Sasa mtu akikuletea sufuria na mwingine apike, utamshukuru nani ukishiba?"

Naibu alicheka hadi akakohoa. Nilirudi bila chaki. Niliandika ubaoni kwa vipande vidogo vilivyobaki, vidole vikikwaruza mbao, na hakuna mtoto aliyeuliza.

Sura ya mwisho ilibaki wiki ya kufunga shule. Katika sura hiyo watu wa mji, wakiwa wamefungiwa maji, wanasimama ukutani alfajiri, wengi, na kila mmoja analitamka jina alilokatazwa. Kitabu kinaishia hapo. Hakisemi kama ofisi ilifungua maji tena. Siku moja kabla, Nasieku aliniomba jambo kwa mara ya kwanza. Tulikuwa katika chumba cha walimu na Mwalimu Mkuu alikuwepo, anakula mandazi. "Madam, ukimaliza kusoma kesho, unipe dakika chache kabla ya kengele? Nataka watoto wapeane majina hapo ukutani. Kila mtu atoe jina lake la nyumbani, wa upande ule mwingine amtunzie." Nilitaka kukataa. Nilitaka kusema kwamba kitabu kina mwisho wake na hauhitaji kuongezewa. Mwalimu Mkuu aliacha kutafuna akanitazama. "Sawa," nikasema.

Kwa hiyo nilisoma mstari wa mwisho, nikafunga kitabu, na kabla sijasema lolote madawati yalikuwa yanasogea. Walijipanga kando ya bati, pande zote mbili, mdomo kwa tundu, sikio kwa tundu. Vile vidoa vya jua vilizimika kimoja kimoja kwa vichwa vyao. Palikuwa na minong'ono na vicheko. "Wewe ni nani?" "Ni mimi, Otieno." "Otieno najua. Sema ya nyumbani!" "Haki usicheke." "Sicheki." "Umecheka!" Mutua alitoa majina ya ukoo mzima. Silantoi aliweka mdomo kwenye tundu, akasema kitu kifupi, akaondoka akiwa amefumba macho. Mimi nilisimama karibu na mlango, mahali ambapo hapakuwa na mtoto, nikingoja kengele.

"Madam Syombua." Sauti ilitoka kwenye tundu lililokuwa usawa wa bega langu. "Uko hapo?"

"Niko."

"Na mimi nataka kutoa."

Nilidhani ni maonyesho. Nilidhani watoto wake wamemzunguka wakimtazama, kwamba hata hili atalifanya somo. "Sema," nikamwambia.

Alisema neno moja la Kimaa, fupi, la kitoto. Kisha nikasikia pumzi yake kwenye bati. "Ni vile baba alikuwa ananiita," akasema. "Ni yeye peke yake. Amekufa nikiwa chuo, na tangu hapo hakuna mtu ameniita hivyo. Usilitumie. Hata mimi usiniite. Litunze tu."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe hupotezi kitu. Nimeona vile umekishona hicho kitabu." Akangoja, kama alivyowangoja watoto. "Nawe? Lako?"

Sikuwa nimejitayarisha. "Mimi sina lingine," nikasema. "Nyumbani, kazini, kote ni Syombua."

Alicheka kidogo. "Basi nitatunza hilo hilo."

Kengele ikalia. Siku iliyofuata Mwalimu Mkuu alinipa mkono, akanishukuru sana kwa kazi ya mwaka mzima, akaniambia kwamba mwalimu wa darasa la saba atakuwa Nasieku. Nilijibu kwamba ni uamuzi mzuri. Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza nilikuta amekwenda: serikali ilikuwa imemwajiri na kumpeleka Loitokitok. Nikapewa darasa la saba. Nilipanda nao wote, A na B, kama nilivyokuwa nimetaka, na miaka miwili niliwafundisha vizuri, na walifaulu vizuri. Lakini siku ya kwanza niliposimama mbele yao nikamaliza kueleza jambo, msichana mmoja wa Sita B ya zamani aliinua mkono akauliza, "Teacher, hutuulizi?" Kila mara nilipouliza swali baada ya hapo nilijua ninauliza kwa kinywa cha nani.

Mazishi ya Nasieku yalifanyika kwa familia ya mume wake, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwenye uwanda wenye mawe meupe na miti ya miiba. Nilifika mapema, kitabu kikiwa kwenye mkoba wangu. Sikujua nilikibeba kwa nini. Labda nilitaka ushahidi. Hema zilikuwa zimejaa walimu na watu waliokuwa wanafunzi wake. Mchungaji alilisoma jina lake kwenye karatasi ya ratiba, na wanawake wazee waliokaa mbele wakatazama chini; wengine wote walisema "mama Namunyak" au "marehemu mwalimu wetu". Kisha wakamwita Silantoi aongee kwa niaba ya wanafunzi wa Kitengela. Alisimama, bado mwembamba, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mwaka huo," akasema, "mwalimu wetu alitusomea kitabu cha mji uliofungwa. Tulikuwa watoto wa mabati tu. Yeye ndiye alitufundisha kwamba kitabu unaweza kukijibu."

Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nne. Alitusomea. Nilihisi uso unapata joto kama msichana. Nani alisoma? Nani alikinunua kile kitabu sokoni, nani alitafuta maneno kwenye kamusi Jumamosi yote? Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, juu ya karatasi ya kaki. Lakini mtu hasimami kwenye mazishi akadai haki yake ya kusoma kwa sauti. Nilikaa. Tulizika. Tukapewa wali, nyama na kabeji, nikala nikiwa nimesimama kando ya uzio, mbali na watu.

Msichana wa miaka ishirini hivi alikuja akiwa na birika la chai. Alikuwa na macho ya mama yake, nami nikajua ni Namunyak kabla hajasema. "Supa, mama," akanisalimu. "Ipa," nikaitikia. Akaniuliza kama nimepata chai, kisha akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu.

"Tulifundisha pamoja Kitengela. Naitwa Syombua."

"Syombua?" akasema. "Kumbe ni mtu?"

Sikumwelewa. Akacheka huku akijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Alinieleza kwamba kila mwaka, kila shule aliyofundisha, mama yake aliwahadithia darasa la sita hadithi ya mji, ukuta na majina. Aliihadithia kwa kichwa, maana hakuwa na kitabu, na hata nyumbani waliisikia tangu wakiwa wadogo. Hadithi hiyo haikuwa na jina lingine. "Watoto walikuwa wanamwambia, 'Mwalimu, leo tupe Syombua.' Sisi tulidhani ni jina la kitabu."

Nitaandika ukweli jinsi ulivyokuwa. Machozi yangu ya kwanza kwa ajili ya Nasieku yalitoka hapo. Na machozi yakiwa yanatoka, niliwaza kwamba alikuwa ameihadithia kwa miaka hiyo yote bila ukurasa mmoja mbele yake, na kwamba bila shaka aliihadithia vizuri kuliko nilivyoisoma mimi.

"Mwishowe walipata maji?" Namunyak akaniuliza. "Mama hakuwahi kutuambia. Alikuwa anatuuliza sisi."

"Kitabu pia hakisemi."

Aliweka birika chini. "Alituambia kuna kitu Syombua anamtunzia. Tulidhani ni sehemu ya hadithi. Ni kitu gani?"

Lilikuwa kinywani mwangu, neno lile fupi. Alikuwa binti yake wa kumzaa, na pengine ana haki kuliko mimi. Lakini niliambiwa nilitunze, nisilitumie. Na katika uwanda ule wote, pamoja na mume wake, na walimu wenzake, na wanafunzi wake wote waliokuwa wakijifuta macho, nilikuwa mimi peke yangu niliyekuwa nalo. "Ni kitu kidogo," nikamwambia. "Kiko salama." Alinitazama kama wanafunzi wanavyonitazama nikikataa kuwapa jibu. Nikatoa kitabu mkobani, na karatasi yake ya kaki na uzi wake mweusi, nikakiweka mikononi mwake. "Lakini hiki chukua. Hii ndiyo Syombua."

Silantoi alikuwa amenifuata na sahani yake. Alikiona kile kitabu mikononi mwa Namunyak akasimama ghafla, chakula kikitaka kumwagika. "Teacher!" akasema. "Unampa yeye? Na mimi?" Alikuwa mwanamke mzima, muuguzi, mama wa watoto, na katika sauti yake niliusikia ule uchungu ambao naujua kuliko mtu yeyote. "Mimi ndio nilikuwa wa darasa lako."

"Umesema nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri kabisa.

Akarudia.